Mashine Inavuja, Baba Yuko Kibondo

Kwenye kurasa hizi tumeshaongea sana kuhusu wivu, meseji za usiku wa manane, mawifi na pesa ya matumizi. Leo naomba tuongee kuhusu vyombo. Ndiyo, vyombo: masufuria, sahani, vikombe vya chai vilivyogandia maziwa. Muulize mwanamke yeyote aliye kwenye ndoa zaidi ya miaka mitano, ugomvi wake wa kwanza wa maana na mumewe ulianzia wapi. Wengi watakuambia ni simu. Kaa nao vizuri, wape na soda, utagundua ulianzia kwenye karai.

Mimi ni mhariri. Kazi yangu naifanyia nyumbani kwa kompyuta, Kasulu mjini, na mume wangu kazi yake iko Kibondo. Kwa ambao hawajafika kwetu, hizi ni wilaya mbili za miinuko ya mkoa wa Kigoma, mbali na ziwa, kwenye vilima vya Waha. Asubuhi kuna ubaridi wa kuvaa sweta na kiangazi kuna vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye kabati la nguo. Baba Watoto anaondoka Jumatatu alfajiri, anarudi Ijumaa usiku. Katikati hapo tunabaki watoto wawili, mama mkwe wangu, kuku wake saba, na mimi.

Imetoka mnadani

Sasa utajiuliza, Kasulu na mashine ya kuoshea vyombo wapi na wapi? Subiri nikueleze. Wilaya zetu zimepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu, hapa Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Nduta ya Kibondo ikapokea Warundi. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, na Mtendeli ya kule Kakonko ikafungwa 2021. Kambi zinapofunguliwa yanakuja mashirika, mashirika yanakuja na wageni, na wageni wanapanga nyumba na kuzijaza vitu. Mradi ukiisha, vitu vinapigwa mnada. Ndiyo maana ukiingia kwenye nyumba za watu huku kwetu unaweza kukuta friji au meza ya ofisi ambayo haijawahi kukaa kwenye duka lolote la Kasulu.

Mwaka 2023 Baba Watoto alikwenda mnadani kutafuta betri za sola. Akarudi na sanduku jeupe la bati, lina mlango wa kufungukia chini, limepakiwa kwenye pikapu ya rafiki yake na kufungwa kwa kamba ya katani kama ng'ombe. Mashine yenyewe si ya jana. Ukiiangalia vitufe vyake tu unajua ilitengenezwa zile enzi za simu za kukunja.

"Mama Watoto," akasema, "suala la vyombo limekwisha."

Hapa lazima nikurudishe nyuma kidogo, la sivyo hutaelewa kwa nini neno "limekwisha" lilinikaa rohoni. Wiki tatu kabla ya mnada huo, dada aliyekuwa anatusaidia kazi za ndani alikuwa ameondoka kwenda kusomea ushonaji, na mimi mwenyewe nilimpa nauli na baraka zote. Wiki hiyohiyo mume wangu akanipigia kwamba amesaini miaka miwili mingine Kibondo. Amesaini kwanza, halafu ndiyo akanipigia. Nikamuuliza: mimi nabaki na watoto, mama, kazi yenye tarehe za kufunga jarida, na karai la vyombo la asubuhi na jioni, peke yangu? Alinyamaza. Jibu lake ndilo hilo likashushwa kwenye pikapu.

Na lilikuwa jibu zuri, tusimnyime haki yake. Zamani tungelicheka, maana mashine ya namna hii inapochemsha maji hula karibu wati 2,000, na Kasulu tuliishi kwa umeme wa majenereta ya dizeli. Lakini Oktoba 2022 tuliunganishwa na gridi ya taifa, majenereta yakazimwa. Uniti moja au moja na nusu za luku kwa mzunguko mmoja, sawa, tunamudu.

Maji ndiyo yaliyonishangaza. Nilidhani itatumaliza tenki. Kumbe mashine za rika lake hutumia kama lita 15 hivi kwa mzunguko mzima. Dumu moja lina lita 20, msomaji! Wanawake wangapi wa vilimani kwetu wanapanda na dumu kichwani, halafu dumu zima linaishia kwenye masufuria mawili na sahani sita?

Na kuna mawese. Sisi watu wa Kigoma tunapika na mawese, maharage kwa mawese, dagaa kwa mawese. Kule ziwani kuna joto, yanabaki maji. Huku kwetu, jioni ya Juni, mawese yanaganda kwenye sahani kabla hujamaliza kushukuru kwa chakula. Ukiyaosha kwa maji baridi unayahamisha tu, kutoka sahanini kwenda kwenye sponji, kutoka kwenye sponji kwenda mkononi, kutoka mkononi kwenda kwenye kanga. Mashine inapiga maji ya nyuzi 60 na zaidi. Sahani zilitoka zinalia ukizipitisha kidole.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Heru, kule ambako kabla ya Uhuru Mwami Theresa Ntare alikuwa chifu akiwa mwanamke, kwa hiyo usidhani ni bibi wa kukaa pembeni. Siku ya kwanza alivuta kigoda akakaa mbele ya mashine mzunguko mzima, saa nzima na zaidi, anaisikiliza. Ilipomaliza akasema: "Vyombo vinaoshwa na umeme. Haya. Na mikono yenu itafanya nini?" Sikumjibu. Nilikuwa na kurasa nane za kuhariri, mikono yangu ilikuwa na kazi tele.

Mwanamke aliyechoka kuvunjiwa vyombo

Nikiwa na muda nilisoma historia ya hiki chombo, na naomba nikumegee, maana ni habari ya kwetu wanawake. Aliyetengeneza mashine ya kwanza iliyofanya kazi kwelikweli ni mama mmoja wa Illinois, Marekani, aitwaye Josephine Cochrane. Alikuwa na uwezo na alikuwa na wafanyakazi. Tatizo lake ni kwamba vyombo vyake vya thamani vilikuwa vinapasuliwa kingo wakati wa kuoshwa. Mwaka 1883 mumewe akafariki akamwachia madeni. Mama wa watu akaingia kwenye banda nyuma ya nyumba na fundi wake, akapima sahani na vikombe, akatengeneza vizimba vya waya vya kuvishika, akavilaza kwenye gurudumu ndani ya pipa la shaba. Wengine waliojaribu walitumia brashi. Yeye alitumia nguvu ya maji. Hati yake ya uvumbuzi ni ya tarehe 28 Desemba 1886, na mwaka 1893 aliipeleka mashine kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ikazoa sifa. Walioinunua wakawa mahoteli. Wenye majumba hawakuinunua sana, kwa sababu nyumba nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kutosha.

Huwa nawaza: mume angekuwa hai, angemwambia asubiri Ijumaa?

Kuku walijua kabla yetu

Basi bwana, mashine ikafanya kazi mwaka mzima na zaidi bila neno. Halafu Jumatatu moja, mwezi wa sita mwaka jana, mama mkwe akaniita jikoni. "Mwanangu, hawa kuku wamezoea kuja kunywa hapa." Nikaangalia. Kuku wawili wameinamisha vichwa chini ya mashine, wanakunywa kwa raha zao. Sakafu ya saruji ilikuwa na dimbwi la ukubwa wa sinia.

Nikazima swichi ya ukutani, nikachomoa plagi, nikafunga koki ya maji. Hilo ndilo la kwanza kabisa, nakuomba ulishike hata kama huna mashine ya vyombo na una mashine ya nguo tu: maji yakiwa sakafuni, usiiguse bati kabla hujaua umeme. Halafu nikampigia mwenzangu.

"Huo ni mpira wa mlango," akasema hapohapo, hajaona hata picha. "Usiguse. Nitautazama Ijumaa."

Jumanne karai likarudi. Sitaki ujifanye hujui ninachosema. Si kwamba mikono ilikatika. Niliosha, mwanangu mkubwa akasuuza, mama mkwe akapanga kwenye kichanja nje kama mabwana afya walivyofundisha. Kilichoniuma ni jinsi karai lilivyorudi moja kwa moja kwangu bila mtu kuuliza, kama barua inayojua anwani. Mashine ilipokuwa nzima, vyombo vilikuwa "suala lililokwisha". Ilipovuja tu, vikawa vyangu tena. Ina maana havikuwahi kuwa vya mwingine.

Jumatano nikaita fundi mmoja wa mjini. Akasimama mlangoni, akaitazama kama mtu anayetazama maiti, akasema pampu imekufa, shilingi laki tatu na nusu, ataagiza Dar. Hakufungua hata skrubu moja! Nikampa chai, nikamsindikiza.

Usiku ule, watoto wamelala, nikakaa na kalamu. Shahada yangu ni ya mawasiliano ya umma, nilisomea Mwanza, na hakuna mhadhara wowote uliogusa pampu. Ila kuna kitu kimoja walitufundisha vizuri: habari ina nani, nini, wapi, lini. Nikasema hebu nimhoji huyu mtuhumiwa.

"Lini" ndiyo ilikuwa na majibu yote. Mashine hizi zina vipindi: inaingiza maji, inaosha, inamwaga. Kama inavuja hata ikiwa imezimwa, basi tatizo liko kwenye njia ya kuingizia, yaani paipu ya nyuma au ile valvu ya umeme inayofungua na kufunga maji. Na sisi tunaotumia tenki tusikilize hapa vizuri, maana valvu hiyo hutegemea msukumo wa maji ili ijifunge sawasawa. Tenki likiwa juu kwa mita moja linakupa kama baa 0.1 tu, kwa hiyo mnara wa mita tatu ni baa 0.3, na mashine nyingi zinataka hicho kama kiwango cha chini kabisa. Mnara mfupi unaweza kuifanya valvu ipitishe maji kidogokidogo hata ikiwa nzima. Wa kwetu ni wa mita nne.

Ikivuja wakati inaosha, washukiwa ni mpira wa mlango, mkono wa kurushia maji uliopasuka ukawa unapiga mlangoni, mapovu, au mipira ya ndani inayopeleka maji moto. Mapovu yanatoka kwa watu wanaotia sabuni ya maji ya kawaida. Mashine ina poda yake isiyotoa povu, sisi tunaletewa na basi kutoka Mwanza. Na ikivuja wakati inamwaga, tazama paipu ya maji machafu.

Mlango wa kwetu niliupima usiku uleule. Unachukua kipande cha karatasi, unakiweka kwenye ukingo, unafunga mlango, unavuta. Karatasi ikitoka kirahisi, mpira umekakamaa. Nilizunguka pande zote, sehemu kama kumi hivi. Karatasi iligoma kila mahali. Kwa hiyo Baba Watoto na nadharia yake, kwaheri.

Alhamisi tukafanya jaribio. Mama mkwe na kigoda chake upande mmoja, mimi upande mwingine, magazeti makavu yametandazwa chini ya mashine mpaka nyuma. (Tumia magazeti ya kawaida. Jarida kama hili ulilolishika linang'aa, halinyonyi maji, nimejaribu.) Tukawasha na viatu vya mpira miguuni. Ikaingiza maji: magazeti makavu. Ikaanza kuosha: dakika ya kwanza kavu, ya tatu kavu, halafu mama mkwe akanyoosha kidole. "Hapo." Kushoto, nyuma kidogo ya katikati, doa linatanuka. Nikazima swichi na kuchomoa plagi ndipo nikaligusa. Vuguvugu, lina utelezi wa sabuni, na juu yake kijiduara cha njano. Mawese.

Unaona jinsi sahani za maharage zilivyotoa ushahidi? Maji yaliyovuja yalikuwa yameshapita kwenye vyombo, kwa hiyo hayakutoka kwenye paipu ya kuingizia. Yalivuja wakati wa kuosha, kwa hiyo njia ya kumwagia haihusiki. Yalikuwa nyuma, mlango umeshinda kesi. Ulibaki mpira wa ndani, unaotoka kwenye pampu kupeleka maji kwenye mikono ya kurushia.

Nikamtumia mume wangu meseji: "Si mlango. Ni mpira wa ndani, kushoto. Njoo na bisibisi ya nyota." Akajibu: "Umejuaje?" Nikaacha kumjibu, nikalala.

Sakafuni

Ijumaa alifika saa tatu usiku, vumbi mpaka kwenye kope. Alikula, akasalimia, halafu akaniambia tuifungue. Nilidhani atasema kesho.

Tuliivuta mashine mbele, tukailaza taratibu juu ya blanketi kuukuu. Ukifanya hivyo yanamwagika maji mengine, usiogope, ni yale yaliyokuwa yamekusanyika kwenye sinia la chini. Ndani ya sinia hilo kuna kiboya kidogo. Maji yakizidi kinanyanyuka na kuiamrisha mashine iache kazi zote imwage tu. Ndiyo maana siku za mwisho yetu ilikuwa inanguruma katikati ya kazi na kukataa kuendelea, na yule fundi wa chai akadhani pampu imekufa. Ilikuwa inajiokoa.

Tukafungua bati la chini, skrubu sita. Mimi nimeshika tochi ya simu, yeye amelala chali, mashavu yetu yanakaribiana kama zamani tukiangalia picha kwenye simu moja. Mpira tuliuona haraka: mweusi, unene wa kidole gumba, umebanwa kwenye pampu kwa klipu iliyoota kutu. Pale klipu ilipokuwa imeuma miaka yote hiyo, mpira umekauka na kupasuka, ufa wa urefu wa punje ya mchele. Ukiubonyeza unafunguka kama mdomo.

"Huu haukuanza wiki hii," akasema.

"Haukuanza wiki hii."

"Ningekuwa nipo, ningeusikia."

Nilikuwa na majibu mengi, ya kejeli na ya upole. Nilichosema ni hiki: "Hii mashine uliinunua ili uweze kutokuwepo."

Kimya. Tochi yangu ilikuwa imemlika mpira, uso wake sikuuona vizuri, na nadhani hilo lilitusaidia wote wawili. Baadaye akaniambia kitu ambacho hakuwahi kukisema. Siku aliyosaini Kibondo, mkononi alikuwa na ada za watoto na dawa za presha za mama, na aliogopa kwamba akinipigia kwanza nitasema hapana, naye hana njia nyingine. Kwa hiyo akasaini, halafu akatafuta kitu cha kuleta. "Nilijua ni kama hongo," akasema. Nikamwambia hongo niliipokea na niliifurahia, na naitaka irudi kufanya kazi. Lakini asiiite tena jibu la swali nililomuuliza.

Tulikaa pale chini mpaka saa sita. Sitakuandikia yote, mengine ni ya nyumba. Nitakachokuambia ni kwamba tumewahi kujaribu kuongea jambo hili sebuleni mara tatu, tumekaa kwenye makochi, tunatazamana, na kila mara tuliishia kwenye taarifa ya habari. Kulala chini na kuangalia mpira uliopasuka kuna nafuu yake. Macho yana pa kukaa.

Mpira wa baiskeli haufai

Asubuhi Baba Watoto akaja na suluhisho la Kitanzania: tukate mpira wa ndani wa baiskeli, tuuzungushe kwenye ufa, tukaze. Sisi sote tumekulia humo, mpira wa baiskeli unafunga mpini wa jembe, mzigo wa bodaboda, mpaka bomba la shamba. Tukamwita fundi mwingine, huyu kazi yake ni rejeta za malori. Kijana mpole. Alimpigia mama mkwe makofi ya salamu ya Kiha, mwakeye, akapiga magoti akachungulia, akautingisha kichwa mpira wa baiskeli.

"Baba, huo kwa maji baridi sawa. Haya yanapanda mpaka nyuzi sitini na kitu, na kuna sabuni kali na mafuta. Utalainika, wiki mbili tu mama anaita tena."

Nilimpenda hapohapo. Akafanya jambo dogo kabisa. Mpira ulikuwa na urefu wa ziada, umepinda kidogo. Akaukata ile ncha iliyopasuka kwa wembe, kama sentimeta mbili, akapata sehemu nzima, akasafisha mdomo wa pampu kutoa uchafu, akausukuma mpira mpaka mwisho, akaubana kwa klipu mpya isiyoshika kutu, ya kukaza kwa bisibisi, aina ileile ya kwenye rejeta. Shilingi 3,000 kwenye duka la spea. Akaukaza, lakini hakuunyonga, maana kukaza kupita kiasi ndiko kulikoanza kuukata ule wa kwanza. Ufundi wake shilingi 15,000. Linganisha na laki tatu na nusu.

Kabla ya kufunga bati akaniita. Akasema mashine ilikuwa imeegemea kushoto, ndiyo maana maji yote yalitokea upande huo, na kukaa upande kunachosha mpira wa mlango pia. Akaweka bakuli la maji juu ya mashine iliposimama, tukatazama maji yanaegemea wapi, akazungusha miguu mpaka yakalingana. Nikatoa kichujio nikakiosha kwa maji moto na limau. Kilikuwa na miiba ya dagaa na utando wa mawese mgumu kama nta. Sasa naosha kila Jumamosi.

Tukatandaza magazeti mapya. Ikaingiza, ikaosha, ikamwaga. Mama mkwe akakaa na kigoda chake mpaka mwisho. Magazeti yalitoka makavu, akayakunja akayapeleka kuwashia moto.

Uhamisho wa kuja Kasulu ameuomba. Barua iko kwenye meza ya mtu, na nyote mnaofanya kazi mnajua barua inavyoweza kukaa kwenye meza ya mtu. Wakati huo huo amepatana na ofisi yake kwamba kila wiki ya pili afanye kazi za Ijumaa akiwa hapa, kwa hiyo anaingia Alhamisi. Alhamisi hizo vyombo anapakia yeye, na anavipakia vibaya, masufuria makubwa juu yanazuia mkono wa maji usizunguke. Nimemwonyesha mara mbili. Ya tatu nilimwachia mama yake amwonyeshe.

Mpira mpya kamili tumeuagiza Dar kupitia duka la spea, kwa sababu ule tuliokata hauna tena urefu wa kukata mara ya pili. Tumeshapigiwa kwamba uko njiani. Ukifika tutaufunga wenyewe, skrubu sita, mpangilio tunaujua. Bisibisi ya nyota ameiacha kwenye droo ya vijiko.